Baridi ya Julai Inasingiziwa

Julai hapa Miyuji, Dodoma, huamka kabla ya jua. Upepo unatoka mashariki, unapita juu ya mabati, unazoa vumbi la mitaani na kulimwaga uani kwa kila mtu bila upendeleo. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, watu wanapowasha magari kwenda mjini au kule Mtumba kwenye ofisi za serikali, hakosi mmoja ambaye gari lake limegoma.

Safari hii aliyegomewa ni jirani yangu, mama muuguzi mwenye Toyota IST. Alizungusha ufunguo, na badala ya mngurumo ikatoka sauti ndogo, tak-tak-tak-tak, kama mtu anayegonga meza kwa kucha akisubiri chakula.

"Shikamoo mwalimu. Baridi imeniulia betri."

"Marahaba mama. Redio inaimba?"

"Inaimba. Na taa zinawaka, tena vizuri tu. Sasa betri itakufaje huku redio inaimba?"

Nimefundisha fizikia miaka mingi, na maswali mazuri kama hilo niliyapata kwa nadra. Wengi wetu huliruka, tunaita fundi, tunatoa pesa ya betri mpya. Lakini ukilifuata hadi mwisho utajua namna ya kuchagua betri, namna ya kuitunza na lini uiage, bila kukariri kanuni hata moja. Ila jibu halianzii kwenye boneti. Linaanzia shambani.

Chuma zabibu changa, ile ambayo ukiitafuna uso unajikunja. Dodoma hatuna shida ya zabibu. Chomeka upande mmoja msumari wa kupigilia bati, ule uliopakwa zinki, na upande wa pili kipande cha waya wa shaba kilichomenywa. Visigusane. Sasa weka mita kati ya viwili hivyo: inasoma karibu volti moja. Umetengeneza betri, ingawa haiwezi kuwasha hata taa ya baiskeli.

Umeme umetoka wapi? Si kwenye zabibu. Kila metali ina namna yake ya kushika elektroni zake. Zinki huzishika kwa vidole viwili, shaba huzishika kwa ngumi. Ndani ya uchachu wa zabibu, chembe za zinki huchomoka kwenye msumari na kuyeyuka, na kila moja inapoondoka huacha elektroni zake nyuma kwenye msumari. Elektroni hizo zinajazana, zinasukumana, zinatafuta pa kwenda. Ukiziwekea waya hadi kwenye shaba, zinakimbilia huko. Mkimbio huo ndio tunaouita umeme. Uchachu kazi yake ni kuruhusu chembe zenye chaji, yaani ioni, zipite ndani kutoka upande huu hadi ule, ili mzunguko usikwame.

Acha mtambo wako siku kadhaa ukiwa umeungwa, kisha utazame msumari: ngozi yake ya zinki imeliwa. Hapo ndipo penye siri ya betri zote. Betri haiweki umeme ndani yake kama debe linavyoweka maji. Inaweka kazi ya kikemia ambayo haijafanyika. Ukiwasha swichi unairuhusu kazi ifanyike, na malighafi ikiisha, betri imekwisha. Alessandro Volta wa Italia alitengeneza betri yake mwaka 1800 kwa kupanga vipande vya metali mbili tofauti na vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Tatizo la betri za namna hiyo ni kwamba metali ikishaliwa imeliwa. Huwezi kuurudisha msumari.

Aliyetafuta njia ya kurudi ni Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859. Alichukua mabamba mawili ya risasi, ile metali laini na nzito, akayaviringisha pamoja huku vitambaa vikiyatenganisha, akayatumbukiza kwenye tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Metali ni ile ile pande zote mbili, kwa hiyo mwanzoni hakuna umeme. Planté akaingiza umeme kutoka betri nyingine. Bamba moja likageuka rangi ya kahawia, likapata ngozi ya oksidi ya risasi, na lile la pili likabaki risasi tupu. Sasa pande mbili zimekuwa tofauti. Alipoondoa betri yake ya kuchajia na kuunga waya, umeme ukatoka. Ulipoisha, akachaji tena, ukatoka tena. Magari yetu bado yanawashwa na wazo hilo. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliacha mabamba matupu akapaka uji mzito wa oksidi ya risasi, na uji huo ulipochajiwa ukawa kama sifongo, wenye vitundu visivyohesabika ambamo tindikali hupenya. Shika neno hilo, sifongo, tutalihitaji.

Betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hunyonya salfeti kutoka kwenye tindikali na kugeuka kitu kimoja cheupe, salfeti ya risasi. Oksijeni iliyokuwa kwenye bamba la kahawia inaungana na haidrojeni ya tindikali kuwa maji. Kwa hiyo betri inavyozidi kuishiwa, mabamba yanafanana na tindikali inakuwa nyepesi. Ukichaji, kila kitu kinarudi nyuma: salfeti inaachia mabamba, tindikali inakolea. Fundi mwenye haidromita anaweza kuliona hilo kwa macho. Lita moja ya tindikali ya betri iliyojaa ina uzito wa karibu kilo 1.28, na ya betri iliyokwisha hukaribia kilo 1.12. Kwa nchi za joto baadhi ya watengenezaji huanza na tindikali nyepesi kidogo, kama 1.24 au 1.25, kwa sababu ambayo tutaikuta mbele.

Chumba kimoja cha mabamba na tindikali, ambacho mafundi hukiita seli, hutoa volti 2.1. Namba hiyo imeamuliwa na risasi na tindikali zenyewe. Tengeneza seli ndogo kama kiberiti au kubwa kama nyumba, ni 2.1 tu. Ndiyo maana ndani ya betri ya gari kuna seli sita zilizofuatana, na sita mara 2.1 ni 12.6. Hiyo ndiyo betri iliyojaa na iliyopumzika. Ukipima na kukuta 10.5 hata baada ya kuchaji usiku kucha, hesabu itakuambia kabla ya fundi: seli moja imekufa.

Basi ukubwa wa betri unaongeza nini? Fikiria simtanki juu ya mnara. Urefu wa mnara ndio msukumo wa maji, na huo ndio volti. Unene wa bomba ndio unaoamua maji mangapi yatapita kwa sekunde, na hayo ndiyo ampea. Ujazo wa tangi ndio utakaokuambia utaoga siku ngapi. Kwenye betri ujazo huo huandikwa kwa ampea-saa. Betri ya ampea-saa 60 inaweza kutoa ampea 3 kwa saa 20, ndivyo inavyopimwa. Sasa tazama jambo la ajabu: gari linapowashwa halihitaji tangi kubwa. Linahitaji bomba nene.

Tupige hesabu. Stata ya gari dogo la petroli, yaani mota inayoizungusha injini hadi iwake, huvuta kiasi cha ampea 150, na pale inapoanza kujizungusha huvuta zaidi. Injini nzima huwaka ndani ya sekunde mbili. Ampea 150 kwa sekunde 2 ni sawa na ampea-saa 0.083. Kwenye betri ya ampea-saa 45, hiyo haifiki hata sehemu moja ya mia tano. Taa ndogo ya ndani ya wati 5, ile inayosahaulika mlango usipofungwa vizuri, hula kiasi hicho kwa dakika 12 hivi. Kuwasha gari hakuli betri. Kinachotakiwa ni kutoa kidogo kwa kishindo, na kishindo hutoka kwenye eneo la uso wa mabamba, ule usifongo wa Faure. Mabamba mengi, membamba, yenye vitundu, yote yakifanya kazi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilitoka na stata ya umeme ya Charles Kettering. Kabla yake mtu alisimama mbele ya gari na hendeli, akazungusha kwa mkono, na injini ikimgeuzia kibao iliweza kumvunja mkono. Tangu hapo betri ya gari imekuwa mbeba kishindo.

Sasa turudi kwa mama muuguzi na redio yake. Tulifungua boneti. Juu ya kichwa chanya cha betri kulikuwa na unga, kwingine mweupe, kwingine wa kibuluu-kijani. Huo wa buluu wakulima wanaujua: ni mrututu, salfeti ya shaba. Mvuke wa tindikali umepanda, ukakutana na shaba ya waya, zikazaa mrututu. (Ni mrututu huo huo ambao wakulima wa Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1880 waliuchanganya na chokaa kupambana na ukungu wa mizabibu. Shambani ni dawa, kwenye betri ni uchafu.) Unga huo hupitisha umeme kwa shida. Tuseme umeongeza ukinzani wa omu 0.02 tu, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukipima vizuri. Redio inavuta ampea 1. Moja mara 0.02 ni volti 0.02 zinazopotea, redio haisikii chochote, inaimba. Stata inaomba ampea 150. Mia na hamsini mara 0.02 ni volti 3. Betri yenyewe ikizidiwa na mzigo tayari imeshuka kidogo, toa tatu nyingine, na kinachoifikia stata hakitoshi. Swichi ya sumaku ndani ya stata inavuta, msukumo unaporomoka, sumaku inaachia, msukumo unarudi, inavuta tena. Tak-tak-tak.

Kwa hiyo "taa zinawaka" si ushahidi wa betri nzima. Ni ushahidi kwamba bomba linapitisha maji ya kunawa mikono.

Nikamwomba magadi jikoni, yale ya kulainishia maharage. Tindikali na magadi hazikai pamoja: zikikutana hutoa povu la hewa ya ukaa, na kinachobaki ni chumvi isiyo na ukali. Fundi, kijana wa mtaani kwetu, alifika na spana namba 10, akafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Mpangilio huo una sababu. Mwili wote wa gari umeungwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikateleza ikagusa bodi, umeunganisha pande mbili za betri kwa kipande cha chuma, na kishindo cha kuwashia injini kitapita kwenye spana yako. Nimewahi kuona pete ya ndoa ikigeuka nyekundu kwa ajali ya namna hiyo kwenye kidole cha mtu. Anza na hasi, na hasi iwe ya mwisho kurudishwa.

Tukamwaga maji ya uvuguvugu yenye magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa ili yasiingie ndani, povu likapanda, tukasugua kwa mswaki wa zamani, tukasuuza, tukakausha, tukakaza, tukapaka grisi juu. Mama akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka kwa uvivu, mara moja, mara mbili, ikawaka.

"Sasa si imepona?" akauliza.

Nilikuwa nimeshika mita kwenye vichwa vya betri wakati stata inazunguka. Kabla ya kuwasha ilisoma 12.5, nzuri kabisa. Wakati wa kuwasha ikaanguka hadi 9.2. Betri nzima, kwa mzigo ule, katika asubuhi kama ile, ingebaki juu ya 10.5. Maana yake ukinzani uko pia ndani ya betri yenyewe, ambako mswaki na magadi havifiki. Uchafu wa nje ulikuwa umeficha uzee wa ndani.

Injini ikiwa inanguruma nikapima tena: 14.1. Hapo nilikuwa naipima alteneta, mtambo unaochaji betri injini ikizunguka. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 inafanya kazi. Ingesoma 12.4, betri mpya ingekufa wiki ile ile na muuza betri angelaumiwa bure. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika, na sijui kwa nini mafundi wengi hukiacha.

Aliinunua betri ile miaka mitatu iliyopita. Nani ameizeesha? Mama bado alikuwa anaangalia mawingu ya Julai. Ni kweli baridi inapunguza nguvu: ioni zinatembea polepole na oili ya injini inakuwa nzito. Lakini baridi yetu ni ipi? Usiku wa Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Kipimo maarufu kinachoandikwa kwenye betri kwa herufi CCA kinafanywa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri: ampea ambazo betri itatoa kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Huko ni majokofuni. Betri nzima haishtuki na nyuzi 13.

Mwuaji alipita Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, jua likiwa la utosi na nyuzi 31 kivulini. Chini ya boneti la gari lililotoka safari na kuegeshwa juani, joto linaweza kupita nyuzi 50. Kwa makadirio ya kikemia, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya michakato mingi huongezeka karibu maradufu. Kutoka 25 hadi 45 ni mara nne. Michakato yenyewe ni ile tusiyoitaka: fremu ya risasi inayoshika bamba chanya inaliwa na kutu, maji yanapungua, betri inajimaliza yenyewe hata ikiwa imelala. Ndiyo sababu ya tindikali nyepesi kwa nchi za joto, ipunguze kula. Yote hayo hutokea Oktoba bila wewe kujua, kwa sababu katika joto hata betri dhaifu huwasha injini yenye oili nyepesi. Kisha Julai inakuja na nyuzi zake 13, inaomba kishindo kidogo zaidi, na betri inakosa. Baridi imefukua kaburi tu.

Kutokana na hapo, uchaguzi wa betri unakuwa rahisi. Usilipie zaidi kwa ajili ya CCA kubwa. Mara nyingi namba hiyo hupatikana kwa kuongeza mabamba na kuyafanya membamba, na bamba jembamba kwenye joto huliwa mapema. Angalia kwanza tarehe ya kutengenezwa. Betri yenye tindikali huzeeka hata ikiwa kwenye rafu, na rafu ya duka lenye paa la bati ni ya moto. Mwambie muuzaji aipime mbele yako. Ikiwa chini ya 12.4 imeshakaa muda mrefu bila kuchajiwa, iache. Muuza duka mmoja mjini aliniambia ningeikuta "imeamka" nikishaendesha. Nilimshukuru nikaenda duka la pili.

Magari yetu mengi yametoka Japani, na betri zake zina maandishi kama 46B24L. Tuyasome. Namba ya mwanzo ni daraja la nguvu. Ikiwa kubwa zaidi kwa umbo lile lile, hakuna madhara kwa gari. Herufi B ni kundi la upana na kimo. D ni pana zaidi. 24 ni urefu kwa sentimeta. L ya mwisho ndiyo inayoumiza watu: ukiisimamisha betri vichwa vikiwa upande wako, L maana yake hasi iko kushoto, R maana yake hasi iko kulia. Ukichukua R badala ya L waya hazitafika, na mwenye haraka atazilazimisha ukingoni mwa bodi, au atazigeuza. Kugeuza ni kuchoma fyuzi kuu na diodi za alteneta kwa sekunde moja. Ikiongezwa S mwishoni, vichwa ni vinene. Dukani watakutajia pia majina ya zamani, N50 au N70, na si vibaya, ila nenda na vipimo vya trei yako. Gari la miaka ya karibuni linalojizima lenyewe kwenye foleni lina betri ya aina yake, yenye maandishi kama M-42 au Q-85. Hilo usilibadilishie ya kawaida, kwa sababu linawasha mara nyingi pale ambapo IST inawasha mara moja.

Na kishikizi. Betri isiyofungwa vizuri, kwenye barabara zetu za changarawe, hupigwa mitikisiko hadi ule uji wa risasi unadondoka kutoka kwenye mabamba na kurundikana chini, ambako unaunganisha mabamba yasiyotakiwa kugusana. Kuifunga kwa mpira wa tyubu kunafaa kukufikisha nyumbani. Hakufai kwa mwaka mzima.

Kuna jambo la maji, na hapa Dodoma linatuhusu kuliko wengi. Alteneta inapochaji betri iliyokwisha kujaa, umeme wa ziada unapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, zinapaa. Kinachopungua ni maji, tindikali inabaki. Kwa hiyo ukiona kiwango kimeshuka, ongeza maji safi yaliyokenekwa, kamwe si tindikali. Dukani vyote viwili huitwa "maji ya betri", na kwa jina hilo betri nyingi zimeuawa kwa wema. Ukiongeza tindikali inakuwa kali kupita kiasi na kuanza kula mabamba. Na ya bombani? Tazama ndani ya birika lako. Maji tunayoyapata yanatoka ardhini, mengi kutoka bonde la Makutupora, na yana madini yake. Ule ukoko mweupe unaoukwangua kwenye birika ni huo huo utakaoingia ndani ya sifongo la Faure, na usitoke tena. Jaza hadi mabamba yafunikwe kiasi cha sentimeta moja, na ujaze baada ya kuchaji, kwa sababu tindikali ikichajiwa hupanda. Hata ile inayoitwa betri kavu si kavu. Ina tindikali ile ile, ila fremu zake zimetengenezwa kwa risasi iliyochanganywa na kalsiamu, hupoteza maji kidogo sana, na mwenye kiwanda akaamua kuifunga.

Haidrojeni hiyo inayopaa huweza kulipuka ikifika sehemu nne tu katika mia ya hewa. Ndiyo maana ukibusti gari kwa betri ya gari jingine, waya ya mwisho isifungwe kwenye hasi ya betri iliyokufa. Unga chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uishike kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Cheche hutoka pale unapofunga mwisho. Iache itoke ambako hakuna gesi. Na sigara isubiri.

Jirani mwingine, mtumishi wa wizara, tatizo lake ni la gari kukaa. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma na Dar es Salaam Julai 2024, gari analiacha uani wiki tatu na kupanda treni. Saa, alamu na kompyuta ya gari havilali; vinavuta kama ampea 0.04, karibu ampea-saa 1 kwa siku. Siku 21 ni karibu nusu ya betri ya 45. Hata hapo ingewaka, kama isingekuwa ile salfeti nyeupe. Betri ikikaa nusu tupu, vijichembe vya salfeti huungana kuwa fuwele kubwa, kama chumvi inavyoganda kwenye mtungi, na fuwele kubwa hazirudi kuwa risasi na tindikali kwa kuchajiwa. Kila wiki ya kukaa tupu inafunga vitundu vya sifongo. Dawa yake ni kufungua waya wa hasi kabla ya kwenda stesheni, dakika mbili kwa spana namba 10. Na akirudi akaikuta 12.1, asitegemee safari ya kutoka Miyuji hadi mjini kuijaza. Alteneta hurudisha ile 0.083 ya kuwashia kwa nusu dakika, lakini ampea-saa 20 zinataka saa nyingi, maana betri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea kidogo. Aichaji usiku kwa chaja ya ampea 4 au 5.

Kwa hesabu ile ile, betri ya gari kwenye sola ya kijijini ni ndoa isiyodumu. Huko inaombwa kutoa kidogo kidogo hadi ikauke, kila usiku, na mabamba membamba ya kishindo hayakuumbwa kwa hilo. Uji unadondoka, na miezi michache imekwisha. Betri ya risasi ya sola ina mabamba manene na ndiyo sababu ni nzito.

Betri ya zamani ya mama muuguzi tuliitoa ikiwa wima tukaiweka ndani ya beseni. Ina risasi kilo kadhaa, na risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliligundua jambo hilo kupitia mwanawe aliyeugua, akalipigania hadi akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwa hiyo kijana wa vyuma chakavu aliyepita akisema atatupunguzia uzito kwa kumwaga "maji" pale kwenye mtaro, tulimwambia aende salama. Tuliipeleka nzima dukani, ikapunguza bei ya mpya.

Mama aliandika mwezi na mwaka juu ya betri mpya kwa kalamu nene. Jioni niliona IST yake haiko tena mahali pake pa siku zote, langoni penye jua la saa nane. Ameirudisha kinyumenyume hadi chini ya mwarobaini, boneti likiwa upande wa kivuli, na kinda la kuku limeshapanda juu yake.